Kikombe Kimoja, Foleni Mbili

Saa moja na nusu asubuhi, katika kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini, ambamo niliruhusiwa kuketi pembeni na kutazama, mwanamume wa makamo aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri alifika dirishani, akataja namba yake, akasubiri mfamasia apime dawa na kuizimua, kisha akapokea kikombe kidogo cha plastiki na kunywa yote kwa mkupuo mmoja. Akatiliwa maji, akasuuza kikombe, akayanywa nayo. "Asante sana, dada," akasema. Nilidhani ni adabu tu, hadi muuguzi aliyekuwa karibu nami aliponieleza kwamba mgonjwa hana budi kutamka neno, lolote lile, ili ijulikane kuwa dawa imeshuka kooni na haikubaki mdomoni ikisubiri kutemwa nje na kuuzwa. Shughuli yote haikufika dakika mbili. Yule bwana akaenda zake kazini, naye alitarajiwa kurudi kesho, na keshokutwa, na Jumapili, na siku ya Idi.

Dakika mbili hizo ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya afya ya jamii katika ukanda wetu tangu mwaka 2011, na sina nia ya kuyabeza. Hata hivyo nimeondoka pale nikiwa na shaka moja ambayo kila ninaposoma tafiti za fani hii inazidi kukua: kwamba kikombe kimefanya kazi vizuri kiasi cha kutufanya tuamini kuwa ndiyo tiba nzima, ilhali utafiti uliofanyika hapa hapa Dar es Salaam ulishatuonyesha mapema kwamba jeraha la nafsi ambalo hakuna aliyeliuliza ndilo linalomtoa mgonjwa kwenye tiba.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Heroini, au unga kama tunavyouita, ilianza kuingia katika miji ya pwani kwenye miaka ya 1980, ikisafirishwa kwa majahazi kutoka mwambao wa Makran, upande wa Pakistani na Irani. Mtafiti Susan Beckerleg aliyeishi na kuchunguza Watamu, pwani ya Kenya, alieleza jinsi mji mdogo wa wavuvi na watalii ulivyojikuta na vijana waliofungwa na unga, na mwaka 1995 ukaanzishwa Mradi wa Omari huko Malindi na Watamu kwa ajili ya kuwasaidia. Kwa miaka mingi unga wa kahawia ulivutwa tu, mara nyingi ukichanganywa na bangi na tumbaku katika msokoto unaoitwa kokteli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulifika unga mweupe, unaoyeyuka kwa wepesi ndani ya maji, na pamoja nao ikaja sindano. Badiliko hilo la rangi, ambalo kwa mtu asiyehusika lingeonekana dogo, lilibadili kila kitu.

Mwaka 2005 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam pamoja na Sheryl McCurdy waliripoti jambo ambalo wasomaji wa majarida ya tiba huko ng'ambo walilisoma kwa mshangao: wanawake wasio na fedha ya kete walikuwa wakiomba damu kwa wenzao. Mwenye unga akishajidunga alivuta damu kidogo ndani ya bomba la sindano na kumpa mwenzake ajidunge nayo, wakiamini kwamba ndani ya damu ile umo unga wa kutosha kuiondoa arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa unga. Si ajabu kwamba upimaji wa miaka hiyo miongoni mwa waliokuwa wakijidunga jijini ulikuta takribani wanne kati ya kumi wana virusi vya Ukimwi, na hali ya wanawake ikiwa mbaya zaidi. Ninalirejea tukio hili kwa sababu moja. Wengi walilisoma kama ushahidi wa ujinga au wa kukata tamaa. Mimi naliona pia kuwa ni ukarimu: mtu anamhurumia mwenzake anayetetemeka kwa arosto na kumpa alichonacho. Tafsiri yoyote ya uraibu isiyoweza kuuona upendo ule wa ajabu na wa hatari haitaelewa ni kwa nini mtu humwona mwenzake wa maskani, pale wanapokutania watumiaji, kuwa ndugu kuliko ndugu wa tumbo moja.

Asiyewahi kuiona arosto hudhani ni hamu tu. Ni mifupa kuuma kama inapondwa, tumbo kukatika, makamasi na machozi kutiririka, usingizi kutoweka kwa siku kadhaa, na juu ya hayo yote hofu isiyo na jina. Mwili uliozoea heroini umepunguza utendaji wa mifumo yake ya kutuliza maumivu, hivyo unga unapokosekana mtu hubaki bila kinga yoyote. Methadoni hukaa katika vipokezi vile vile vya ubongo, ila huingia polepole na kudumu zaidi ya siku moja, kwa hiyo dozi moja ya asubuhi humtoa mgonjwa kwenye mzunguko wa kusaka kete kila baada ya saa chache. Madaktari Dole na Nyswander walilionyesha hilo New York mwaka 1965 kwa wagonjwa 22 tu. Leo ushahidi umejaa: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 ukiwajumuisha watu zaidi ya 120,000 wa nchi mbalimbali ulikuta kwamba kati ya kila watu 1,000 wanaotumia methadoni hufariki takribani 11 kwa mwaka, lakini walioacha tiba hiyo hufariki 36. Dawa ngapi tulizonazo, kwa ugonjwa wowote ule, hupunguza vifo kwa kiasi hicho?

Ndiyo maana Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofungua dirisha lake, ikawa ya kwanza kuendesha mpango wa umma wa namna hiyo katika bara letu kusini mwa Sahara. Mauritius, kisiwani, ilikuwa imetangulia mwaka 2006. Waliousimamia walikuwa watu wa afya ya akili, akiwemo Dkt. Jessie Mbwambo, jambo ambalo nadhani limesahaulika upesi mno. Baadaye zikafuata Mwananyamala na Temeke, Mathari jijini Nairobi mwezi Desemba 2014, kisha Malindi na Mombasa, Kidongo Chekundu kule Unguja, Mbeya, Mwanza, na Itega mjini Dodoma.

Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya miaka miwili ya mwanzo ya Muhimbili. Kati ya watu zaidi ya 600 waliokuwa wamejiunga, takribani wanane kati ya kumi walikuwa bado wanahudhuria baada ya mwaka mmoja, kiwango ambacho kliniki nyingi za Ulaya zingekionea fahari. Watafiti hawakuishia kwenye kushangilia. Waliuliza: hawa wawili walioondoka ni akina nani? Jibu la kwanza lilihusu kipimo, kwamba waliokuwa wakipewa dozi ndogo, chini ya miligramu 40, waliacha zaidi kuliko waliopewa dozi kubwa. Jibu la pili ndilo linalonisumbua. Waliosema kwamba maishani mwao wamewahi kunyanyaswa kingono walikuwa na uwezekano wa kuiacha tiba karibu mara tatu ya wengine, hata baada ya mambo mengine kuzingatiwa katika hesabu. Wanawake, ambao walikuwa wachache mno katika kundi lile, walidumu zaidi kuliko wanaume pale hesabu ilipotenganisha jinsia na historia ya kunyanyaswa. Maana yake ni kwamba kinachomkimbiza mwanamke kliniki ni yale aliyotendewa.

Weka takwimu hiyo kando ya nyingine. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24, na karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 wakasema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kenya, mwaka uliofuata, ilipata picha inayofanana. Marekani, daktari Felitti na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 1998 kwamba mtu aliyepitia aina nne au zaidi za madhila utotoni, kama kupigwa, kunajisiwa, au kukulia katika nyumba yenye ulevi na vurugu, alikuwa na hatari mara 4 hadi 12 zaidi ya ulevi, ya dawa za kulevya, ya sonona na ya kujaribu kujiua. Sisi tunao watoto hao, tunao watu wazima waliokuwa watoto hao, na tunayo kliniki inayowapoteza hao hao kwanza. Mtu anayeshtuka akiguswa begani, asiyelala kwa sababu akifumba macho humwona fulani, ndiye tunayemtaka ajipange kwenye foleni ya wanaume mia kila asubuhi na kunywa dawa mbele ya macho ya watu.

Uhusiano wa dawa za kulevya na maradhi ya akili haujatulia kitaalamu, na ni vyema msomaji ajue kuwa zipo njia zaidi ya moja. Mwaka 1985 daktari wa akili Edward Khantzian alitoa hoja kwamba mraibu hujitibu: anachagua kileo kinachotuliza ule uchungu alionao, na heroini hasa hupoza hasira na kumbukumbu zisizovumilika. Ni hoja inayoingia akilini kwa yeyote aliyewahi kusikiliza masimulizi ya maskani, ila ina mtego, kwa kuwa kila mtu akiangalia nyuma hupata sababu ya alichofanya. Njia ya pili ni kinyume chake, yaani kileo kuanzisha ugonjwa. Hapa ushahidi wa bangi ni mzito kuliko wanavyopenda kukiri watetezi wake. Ufuatiliaji wa vijana zaidi ya 45,000 walioitwa jeshini Uswidi, uliochapishwa mwaka 1987, ulikuta waliovuta sana wakiwa na hatari ya kupata skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, mara sita ya wasiovuta, ingawa ni kweli pia kwamba baadhi yao huenda walikuwa na dalili kabla. Njia ya tatu ni mzizi mmoja kuzaa miti miwili: urithi wa damu, umaskini, utoto uliovunjika. Kwa mgonjwa mmoja njia zote tatu zinaweza kukutana, na daktari anayeng'ang'ania kujua ipi ilitangulia kabla ya kuanza kutibu anapoteza muda wa mgonjwa.

Kuna utafiti mmoja wa zamani ambao ningependa kila mwenye kusema "teja ni teja tu" ausome. (Neno lenyewe linastahili kutazamwa, sikio la Mswahili haliwezi kukosa kumsikia mteja ndani yake, na hivyo ndivyo pusha, muuza unga, anavyomwona.) Mwaka 1971 serikali ya Marekani iligundua kwamba karibu mmoja kati ya kila askari watano wa vyeo vya chini waliokuwa Vietnam alikuwa amefungwa na heroini. Taharuki ikawa kubwa. Mtafiti Lee Robins akapewa kazi ya kuwafuatilia waliporejea kwao, na alichokikuta kilipingana na kila kilichoaminika: katika mwaka wa kwanza ni asilimia 5 tu ya waliokuwa waraibu kule vitani walirudia uraibu, na hata baada ya miaka mitatu walikuwa asilimia 12. Walikuwa wameondoka mahali penye vita, penye upweke, penye heroini ya bei ya chini, wakarejea mahali ambapo vyote hivyo havikuwepo. Sasa mfikirie kijana wa Tandika au wa Kisauni anayemaliza miezi minne ya tiba mbali na kwao, kisha anapanda basi na kushuka kwenye kituo kile kile, mita mia moja kutoka maskani ile ile, bila kazi, huku mama akificha simu kila anapoingia ndani. Yule askari alitoka Vietnam. Huyu anarudishwa Vietnam yake.

Kutoka hapo ndipo naingia kwenye kichwa cha makala haya. Angalia mahali zilipowekwa baadhi ya kliniki zetu: Mathari ni hospitali kuu ya magonjwa ya akili ya Kenya, Kidongo Chekundu ni ya Zanzibar, Itega iko chini ya hospitali ya akili ya Mirembe. Kijiografia, basi, methadoni na tiba ya akili ni majirani wanaoshiriki uzio mmoja. Hata hivyo mgonjwa mwenye maradhi yote mawili mara nyingi hukutana na foleni mbili, mafaili mawili, siku mbili za miadi na wahudumu wawili ambao hawajaongea. Kwenye dirisha la methadoni anaambiwa mambo ya kichwa yapelekwe upande wa pili. Upande wa pili anaambiwa aache unga kwanza ndipo aje. Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, yakisemwa bila ubaya na mtu aliyechoka.

Athari zake si za kinadharia. Chukua mfano wa kabamazepini, dawa ya kawaida katika kliniki zetu za akili na za kifafa. Dawa hiyo huliamsha ini livunje methadoni kwa kasi zaidi. Mgonjwa aliyetulia kwa miezi akiandikiwa kabamazepini na daktari asiyejua habari za kikombe, baada ya siku chache ataanza kutoka machozi na kuumwa mifupa. Hajakosa dozi hata moja, lakini damuni methadoni imepungua. Atakwenda dirishani kulalamika, na asiyejua ataona macho mekundu na jasho, atasema: huyu kisharudi mtaani. Mtu akishatuhumiwa hivyo mara mbili, kwa nini asirudi kweli? Rifampisini ya kifua kikuu hufanya vivyo hivyo, na pia baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi kama nevirapini na efavirenzi, ila kwa hizo angalau kliniki nyingi zimejifunza kuongeza kipimo. Upande wa pili kuna valiamu, ambayo ikichanganyika na methadoni inaweza kuzima pumzi usingizini, na kuna amitriptilini, dawa ya sonona inayopatikana kwa urahisi, ambayo sawa na methadoni yenyewe inaweza kuvuruga mapigo ya moyo kwa baadhi ya watu. Daktari mmoja mwenye faili moja angeyaona haya yote kwa kulitazama mara moja tu.

Nadhani hapa ndipo pia inapopata nguvu ile imani, ambayo imezagaa New York kama ilivyozagaa kwetu, kwamba methadoni "inaingia kwenye mifupa". Maumivu ya mifupa ni dalili ya arosto. Mwenye dozi isiyotosha, au ambaye dozi yake imeliwa na dawa nyingine, huyasikia maumivu hayo na kuilaumu methadoni, kisha huomba apunguziwe, na akipunguziwa maumivu huzidi.

Kuna tahadhari ya kweli upande wa wataalamu, nami sitaki kuipuuza. Mtu anayeanza methadoni akiwa na huzuni, hana usingizi, hana hamu ya kula na anasema heri afe, huenda hana sonona inayojitegemea. Unga na arosto vinaweza kuleta picha hiyo hiyo, na kwa wengi hupungua sana ndani ya wiki nne hivi za kwanza. Kukimbilia kumwandikia dawa siku ya kwanza ni haraka isiyo na faida. Uchambuzi wa majaribio 14 uliofanywa na watafiti Nunes na Levin mwaka 2004 ulionyesha kwamba dawa za sonona huwasaidia waraibu wenye sonona kwa kiasi, na kwamba hazitoshi kuuondoa uraibu wenyewe. Yote hayo ni sahihi. Lakini kusubiri wiki nne ni tofauti na kutouliza. Anayesema heri afe anaulizwa leo, anapimwa leo, na tarehe ya kuulizwa tena inaandikwa kwenye kadi ile ile anayokuja nayo kila asubuhi. Hakuna mgonjwa wa akili katika nchi hizi anayeonekana na mhudumu wa afya mara nyingi kuliko mgonjwa wa methadoni, siku 365 kwa mwaka, na sisi tunamwona kwa dakika mbili.

Hoja ya kawaida dhidi ya haya ni kwamba madaktari wa akili ni wachache mno. Ni kweli, na wataendelea kuwa wachache kwa muda mrefu. Lakini kule Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina mama watu wazima wa mitaani, ambao hawakuwa na shahada yoyote, kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwaongoza wataje tatizo, wachague moja, watafute hatua ya kulikabili. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 likiwa na wagonjwa 573 lilikuta kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa waliokaa kwenye benchi walikuwa takribani asilimia 14, na miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 50. Benchi lile halikutengenezwa kwa ajili ya watumiaji wa unga, na kiwewe cha aliyenajisiwa hakitibiwi kwa mazungumzo matano au sita. Bado linatuonyesha kwamba mtu wa kuuliza anaweza kupatikana. Sisi tunao tayari waelimishaji rika, yaani watu waliowahi kuwa maskani na sasa wanawasaka wenzao ili wawalete kliniki. Wanajua lugha, wanajua nani amelala wapi, na mara nyingi wao ndio wa kwanza kusikia yaliyofichwa. Kuwafundisha namna ya kuyapokea wanayoyasikia, na kuwalipa ipasavyo, kungegharimu pungufu ya gari moja la msafara.

Fedha, hata hivyo, si jambo la kupita nalo kwa mzaha. Sehemu kubwa ya huduma hizi ilijengwa kwa msaada wa Marekani kupitia PEPFAR, mfuko wake wa kupambana na Ukimwi, na msaada ule ulikuwa wa Ukimwi. Mfadhili alilipia kuzuia maambukizi, basi kikapimwa kilicholipiwa: wangapi wameandikishwa, wangapi wamepimwa virusi, wangapi wamo kwenye dawa. Sonona haikuwa na safu yake katika daftari. Amri ya Januari 2025 ya kusimamisha misaada ya Marekani iliwashtua wengi, kwa haki kabisa. Ikiwa serikali zetu zitalazimika kuubeba mzigo huu zenyewe, angalau zisiyarithi madaftari yale kama yalivyo.

Neno kuhusu nyumba za upataji nafuu, au soba hausi. Unguja ilizianzisha kabla kikombe hakijafika huko, na zimewarudisha watu wengi majumbani mwao. Zinaendeshwa na waliopona, zinafuata zile hatua 12 za kujinasua na uraibu, zina sala, zina ratiba, zina usafi, na mambo hayo yana thamani ambayo hospitali haiwezi kuiiga. Ninaloziomba ni mawili. Kwanza, zisimkatalie mtu dawa zake za akili kwa hoja kwamba "safi" ni asiyemeza kitu chochote. Mwenye skizofrenia anayeachishwa vidonge vyake ili awe safi amedhulumiwa. Pili, ziseme wazi hatari ya siku za kutoka. Aliyekaa miezi kadhaa bila unga amepoteza usugu wa mwili, na kipimo alichokuwa akikitumia bila taabu sasa kinaweza kumuua. Tafiti za waliotoka magerezani katika nchi kadhaa zinaonyesha kwamba wiki mbili za mwanzo ndizo zenye vifo vingi kupita kiasi. Familia inayompokea kijana kwa pilau ingepaswa kuambiwa hilo kabla ya siku ya pilau.

Kinachoifanya mada hii isingoje ni kwamba soko lenyewe limeanza kubadilika chini ya miguu yetu. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nchini Tanzania ilitangaza kukamata kilo 3,182 katika operesheni moja, na zaidi ya theluthi mbili yake ilikuwa methamfetamini, dawa kali ya kuchangamsha. Heroini ilikuwa kilo 1,000 hivi. Mwaka huo huo kilimo cha afyuni, malighafi ya heroini, Afghanistani kilikuwa kimeporomoka kwa asilimia 95 kufuatia katazo la Taliban la Aprili 2022, na nchi hiyo hiyo ina mmea wa porini, efedra, unaotoa malighafi ya methamfetamini. Mwambao wa Kenya ulishaonja upungufu wa ghafla wa heroini kati ya Desemba 2010 na mapema 2011. Waliokuwa hai wakati ule wanakumbuka arosto ya watu wengi kwa wakati mmoja, unga uliochakachuliwa, watu wakihamia kwenye vidonge na pombe, na wengi wakitafuta tiba katika vituo vilivyokuwa vichache na vilivyofurika.

Methamfetamini haina methadoni yake. Hakuna kikombe kinachoijaza nafasi yake ubongoni. Jaribio lenye matumaini zaidi, lililochapishwa mwaka 2021 likichanganya dawa mbili, naltreksoni na bupropioni, lilisaidia kati ya wagonjwa 13 na 14 katika kila 100, dhidi ya wawili au watatu waliopewa dawa bandia. Kinachofanya kazi kuliko vyote hadi sasa ni mpango wa kumpa mgonjwa zawadi ndogo kila mkojo wake unapopimwa ukakutwa safi, pamoja na mazungumzo ya tiba. Na mtumiaji wake haji akiwa anatetemeka kwa arosto. Huja akiwa hajalala siku tatu, akisikia sauti, akiamini jirani amemtegea kamera darini, na mara nyingi huletwa na ndugu waliomfunga kamba mikononi.

Siku ile niliyoketi kliniki, kijana wa namna hiyo aliletwa na kaka yake pamoja na shangazi. Mlinzi aliwauliza kama mgonjwa ni wa unga au ni wa kichwa, ili ajue awaelekeze dirisha lipi. Shangazi alitazama upande huu wa uwanja, akatazama na ule, kisha akamwambia: "Baba, sisi tumekuja naye mmoja tu."